Mzazi wa Changamwe, usikope kwa ajili ya laptopu

Mhariri,

Juma lililopita mlichapisha barua ya mzazi wa Changamwe ambaye mwanawe ameitwa chuoni kusomea teknolojia ya habari. Dukani ameambiwa kwamba laptopu ya kumfaa mwanafunzi haipungui Sh65,000, na kwamba ile iliyoko nyumbani imekufa kwa kuwa Windows 10 imekwisha. Akauliza kama aende kwa chama akope. Jawabu langu ni kuwa asikope. Kwa nusu ya pesa hizo, pengine chini yake, kijana atapata mashine ya kumfikisha kwenye mahafali, mradi aiendeshe kwa Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na mradi mzazi asitoe hata ndururu kabla mashine hiyo haijawaka mbele ya macho yake kwa flashi aliyokwenda nayo mwenyewe.

Nina saiba hapa Tudor, si mbali na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kompyuta zangu zote zinaendeshwa kwa Linux Mint. Wateja huja wakafungua eCitizen ya huduma za serikali, wakajaza fomu za mkopo wa masomo za HELB, wakachapisha vyeti, wakalipa, wakaondoka, na wengi hawajui kwamba hawakugusa Windows hata dakika moja. Msimu wa wanafunzi wapya ukiwadia mimi huwa kama mshenga: wazazi hunichukua twende Mwembe Tayari au Digo Road nikazungumze na muuzaji kwa niaba yao. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia tukiwa ndani ya tuktuk.

Kwanza hilo la kufa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa bure viraka vya usalama vya Windows 10, ukiacha wale waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja. Mashine zenyewe hazikuzimika siku hiyo. Windows 11 ndiyo yenye kuchagua: yataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel yataka prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya kizazi cha 8 kwenda mbele, isipokuwa chache mno. Basi laptopu za kizazi cha 6 na cha 7, za miaka ya 2016 na 2017, nyingi zikiwa na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na mwili mgumu, zimeshuka thamani sokoni kwa sababu hiyo tu. Linux haiulizi TPM wala kizazi. Anayeitaka anakuta mashine nzuri imeshushiwa bei bila kosa lake.

Kwa ambaye jina hili ni geni: Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Finland, na ikaachwa wazi ili yeyote aichukue na kuiboresha. Kiini chake ndicho kilicho ndani ya kila simu ya Android, kwa hivyo yamkini mzazi wetu anaitumia tayari. Kwenye laptopu huja kwa matoleo mengi, watu wakakesha wakibishana lipi bora. Mgeni mimi namwelekeza kwa mawili tu: Ubuntu, iliyoanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, au Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu na ambayo sura yake haimtishi mtu aliyezoea Windows. Mint 22, iliyotoka 2024, itapata masasisho hadi 2029, na kupanda toleo jipya ni bure. Hakuna leseni ya kununua, wala ile "krak" ya kukwepa leseni, ya kuombwa kwa rafiki, ambayo mara nyingi huja na virusi vyake. LibreOffice ya kuandikia hati imo, Firefox ya kuingilia mtandaoni imo. Kwa anayesomea teknolojia ya habari kuna faida zaidi: vifaa vya kuandikia programu kwa C na Python huwekwa kwa amri moja, na seva nyingi atakazokutana nazo kazini zitakuwa za Linux.

Si kila kozi, lakini. Anayesomea usanifu majengo akatakiwa AutoCAD, au ubunifu wa picha akatakiwa Photoshop, ajue kwamba programu hizo hazina toleo la Linux, na kumwambia "utazoea" ni kumdhulumu. Huyo aulize idara yake kwanza. Kijana wa Changamwe hayumo katika kundi hilo.

Sasa mashine. Mimi sishauri mtu kununua laptopu ya nyumbani iliyotumika. Nashauri ya ofisi iliyotumika, zile wauzaji wanazoziita "ex-UK" hata kama zimetoka Uholanzi au Marekani. Koo zake ni tatu: ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell na EliteBook ya HP. Ziliundwa kwa ajili ya makampuni yanayonunua mia kwa mia na kutaka fundi wao aweze kufungua, kubadilisha na kufunga. Kifuniko cha chini hutoka kwa skrubu, SSD huchomoka, memori kwa nyingi yao huchomoka, na vipuri havikosekani mjini. Tena waandishi wa programu wanaotumia Linux duniani wengi wamezipenda hizi hizi, hasa ThinkPad, kwa hivyo kasoro zake zimeshatafutiwa dawa. Chipu ya picha ya Intel na waifai ya Intel hufanya kazi tangu dakika ya kwanza, bila kutafuta draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, popote.

Ukifika dukani usikubali neno "Core i5" peke yake. Uliza namba inayofuata. Kwenye i5-6300U, ile 6 ya mwanzo ni kizazi cha 6. I5-8250U ni cha 8. Tofauti yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Prosesa za i5 zenye U mwishoni za kizazi cha 6 na 7 zina viini viwili, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi kwa wakati mmoja, na hata i7-7600U ina viwili, ilhali i5-8250U ina vinne. Kwa hivyo muuzaji akikubembeleza kwa "hii ni i7, mama," na i7 yenyewe ni ya kizazi cha 7, tazama ile i5 ya kizazi cha 8 iliyowekwa rafu ya chini. Kwa kazi ya vitu vingi kwa pamoja itaishinda, na huenda bei yake iko chini. Stika ya i7 inauzwa ghali sana mjini humu.

Jina la mashine nalo linasema. ThinkPad T460 na X260 ni kizazi cha 6, T470 na X270 kwa kawaida cha 7, T480 kwa kawaida cha 8. EliteBook 840 G3 ni cha 6, G4 kwa kawaida cha 7, G5 kwa kawaida cha 8. Latitude 7490 kwa kawaida ni cha 8. Nikilazimishwa kutaja moja ni T480: ina nafasi mbili za memori, inachajiwa kwa USB-C, na nyingi zina betri mbili, moja ndani na moja nje, ambapo ile ya nje yaweza kutolewa ikawekwa nyingine huku mashine ikiendelea na kazi. Anayeishi mahali ambapo stima hukatika bila kuaga ataelewa kwa nini naitaja. Asiyeifikia bei yake, T470 ina karibu yote hayo, kasoro vile viini vinne.

Herufi moja yaweza kukubadilishia mambo. T480s si T480: sehemu ya memori yake imelehemewa kwenye bodi na nafasi ya kuongeza ni moja. X280 na X1 Carbon zimelehemewa yote. Ni mashine nyepesi za kupendeza, sizitukani, ila ukinunua yenye GB 8 ujue utazikwa nayo na GB 8. Kwa mwanafunzi GB 8 zinatosha Mint na vurugu zake za Chrome. GB 4 zitawasha, lakini akifungua darasa la video na hati mbili ataanza kunung'unika.

Ninazozikimbia zaidi ni zile mpya za bei ya chini, nyembamba, zenye rangi ya waridi, zilizo na prosesa dhaifu ya Celeron, memori ya GB 4 iliyolehemewa na hifadhi ya eMMC ya GB 64, iliyolehemewa nayo. Mzazi hupenda kusikia neno "mpya" na waranti ya mwaka. Mwaka huo ukiisha hakuna cha kuongeza wala cha kubadilisha. Linux itawaka humo, naam, na itakwenda afadhali kuliko Windows, lakini pesa hizo hizo zingenunua mashine ya ofisi yenye nguvu maradufu. Chromebook za mtumba, laptopu zinazoendeshwa kwa mfumo wa Google, nazo zinawavuta wengi kwa bei, na nyingi hazikubali Linux ya kawaida mpaka fundi abadilishe programu ya ndani inayoiwasha. Nyingine bado zimefungwa na shule iliyozimiliki. MacBook za Intel za kuanzia 2018 zina chipu ya usalama ya T2 inayoleta usumbufu kwa Linux. Laptopu za michezo zenye kadi ya picha ya Nvidia hula betri, hutoa joto, na draiva zake ni kazi ya ziada. Upande wa waifai, kadi za Broadcom na baadhi ya Realtek huhitaji draiva ya kutafutwa kando, nawe utaitafutaje ilhali waifai yenyewe ndiyo haishiki?

Hapo ndipo inapokuja flashi. Yatosha ya GB 8. Mint hupakuliwa bure kwenye tovuti yake, faili la karibu GB 3, kisha huandikwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus au balenaEtcher kwenye kompyuta yoyote ya Windows. Dukani unaichomeka mashine ikiwa imezimwa, unaiwasha huku ukigonga F12 kwa ThinkPad na Latitude, au F9 kwa EliteBook, unachagua flashi, na baada ya dakika chache uko ndani ya Linux kamili bila kusakinisha chochote.

Maneno huanzia hapo. "Mama, utanifutia Windows." Hapana, baba, diski haiguswi mpaka mtu abonyeze kitufe cha kusakinisha. "Flashi yako ina virusi." Basi washa ya kwako, nitakununulia na soda. "Lipa kwanza, kisha ujaribu utakavyo." Hapo mimi hufunga mkoba. Maduka ni mengi, na chema chajiuza.

Ikishawaka, fungua hotspoti ya simu yako uone kama waifai inaishika. Cheza sauti yoyote. Fungua kamera. Chomeka flashi nyingine kwenye kila tundu la USB. Fungua mahali pa kuandikia na ubonyeze kila herufi, kila namba, hata zile usizozitumia. Funga kifuniko, hesabu polepole, fungua: mashine ilale na iamke yenyewe, maana kulala ndiko kunakozisumbua laptopu nyingi zikiwa na Linux. Sogeza kioo huku na huku usikilize bawaba. Kisoma alama za vidole kikikataa usijali; hicho hukataa mara kwa mara na hakuna aliyefeli mtihani kwa ajili yake.

Betri haipimwi kwa macho. Fungua dirisha la amri, andika upower -d, kisha tafuta mistari miwili: energy-full-design, yaani uwezo iliotoka nao kiwandani, na energy-full, yaani kilichobaki. Ikiwa ya kwanza ni 24 na ya pili ni 11, betri imekwisha zaidi ya nusu, hata kama skrini inaonyesha asilimia mia. Nimeona bei ikishuka kwa namba hizo mbili tu, bila makelele. Kwa afya ya diski iko programu ya Disks ndani ya Mint, yenye kipengele cha SMART ambacho kwa SSD nyingi huonyesha pia imefanya kazi saa ngapi.

Mwisho, kabla ya pesa, zima na uingie bayosi, yaani mipangilio ya ndani ya mashine: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Latitude, F10 kwa EliteBook. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, iache palepale. Ofisi iliyoimiliki iliifunga na haikuifungua, na kwenye ThinkPad jambo hilo laweza kukulazimu ubadilishe bodi nzima. Atakwambia "fundi wangu ataitoa kesho." Njoo kesho basi, na pesa zako bado zikiwa mfukoni.

Lipo jambo letu sisi watu wa pwani ambalo washauri wa bara hawalitaji. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na chuma hakiipendi. Laptopu iliyokaa miaka mitatu karibu na bahari hapa, Nyali au Likoni, si sawa na iliyotoka kwenye kontena juzi. Washa tochi ya simu umulike ndani ya matundu ya USB na ya chaja; ukiona ukijani au weupe wa unga, hiyo imeshaonja bahari. Sikiliza feni. Hata iliyo safi, fundi aifungue mara moja baada ya kununua, apulize vumbi na kubadilisha ile pasti ya juu ya prosesa, kwa sababu pasti ya zamani huwa imekauka na joto la Februari hapa halina mzaha. Na kijana asiiweke juu ya godoro. Nalisema hili kila mwaka na kila mwaka naletewa iliyopikwa kitandani.

Kibodi za Uingereza zina ile alama ya pauni juu ya 3, na @ imebadilishana mahali na alama za kufungua usemi. Wakati wa kusakinisha chagua kibodi ya Uingereza, yataisha. Za Ujerumani zina Z mahali pa Y. Ukipunguziwa bei vya kutosha ichukue, vidole hujifunza.

Kuhusu pesa: mwenye Sh30,000 asizimalize zote kwenye mashine. Namwambia alenge ya Sh24,000 au pungufu, zinazobaki ziende kwenye betri, memori, kusafishwa, na chaja halisi ya wati 65. Chaja za kando ya barabara ni njia ya haraka ya kuunguza bodi, hasa stima zinaporudi kwa kishindo. Mwenye Sh20,000 asikate tamaa. 840 G3 au X260 iliyotunzwa itamtosha, akikubali viini viwili.

Kwa wauzaji wa Mombasa nina ombi dogo: wekeni meza moja yenye soketi na mumpe mteja dakika ishirini na flashi yake. Mashine ikiwa nzima mtaiuza upesi zaidi. Na vyuo viandike kwenye barua ya kumwita mwanafunzi majina ya programu atakazozihitaji kwa kozi yake, badala ya kuandika "laptopu" na kuwaachia wenye maduka wajazie bei.

Nawe mzazi mwenzangu, ile ya nyumbani uliyosema ni ya kizazi cha 4 na ina diski ya kuzunguka, usiiuze kwa kilo. Itoe diski hiyo, weka SSD ya SATA ya GB 240, memori ifike GB 8, halafu weka Mint ya Xfce ambayo ni nyepesi. Mdogo wake wa Gredi ya 10 ataandikia kazi zake humo na hutasikia kelele. Memori yake ni DDR3L. Ukinunua ya mtumba hakikisha herufi ya L ipo, maana wengi watakuuzia DDR3 tupu na mashine itakataa kuwaka.

Mwenye saiba,
Tudor, Mombasa